Jinsi ya kumtafuta mtaalamu Msomali aliye ughaibuni

Nafanya kazi maktaba hapa Dodoma, na wanafunzi wa udaktari hunijia wakitaka kumwandikia daktari au mtafiti Msomali aliyeko Sweden, Uingereza au Marekani. Wengi hukwama kwenye jina.

Anza hapo. Msomali ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Mke habadilishi jina akiolewa. Ukikuta, tuseme, Faadumo Xasan Cali, usitafute ukoo wa Cali. Huyo ni babu yake. Halafu tahajia. Tangu 1972 Kisomali huandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, ambamo x ni ile ha nzito ya Kiarabu na c ni aini. Kwa hiyo Xasan ni Hassan, Cali ni Ali, Maxamed ni Mohamed, na Faadumo ni Fatuma wetu. Pasipoti ya ugenini inaweza kubeba umbo lolote. Yaandike yote kwenye daftari, utafute moja moja, ukiongeza fani na mji. Binti mmoja wa Kondoa alihangaika siku tatu. Tulipoweka h mahali pa x, makala zikajitokeza. Nilifurahi kama nimepata mimi.

Ukiandika, salimu kwanza, jitambulishe, kisha uliza swali moja kuhusu makala yake uliyoisoma. Usiombe ufadhili kwenye barua ya kwanza, tafadhali. Hawa ni watu wa zamu za usiku. Subiri wiki mbili, ukumbushe mara moja.