Pasipoti ukiwa kijijini: makaratasi kwanza, mtandaoni baadaye

Hii naiandika kwa watu wa huku kwetu, Mbinga, Nyasa, Songea vijijini na popote pale Tanzania ambako ofisi ya Uhamiaji ya mkoa ni nauli na siku nzima. Mi nina steshenari, najaza fomu za watu karibu kila siku, na wanaokwama kwenye pasipoti ni wengi ila hawakwami kwenye kompyuta. Wanakwama kwenye makaratasi yao wenyewe ya nyumbani. Kwahiyo ukija kwangu ukasema "kijana nijazie fomu ya pasipoti", swali la kwanza nakuuliza cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi, na cha mama au baba je? Kama huna jibu, kompyuta tuiache kwanza.

Hatua ya 1: kusanya makaratasi na uyatandike mezani yote kwa pamoja

Unahitaji cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake, picha ya pasipoti, na kitu cha kuonyesha kwanini unasafiri. Mwanafunzi ana barua ya chuo, mfanyabiashara ana leseni na TIN, yaani namba ya mlipa kodi, aliyealikwa ana barua ya mwaliko, anayeenda kazini ana mkataba. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau, wanakuja wanasema "nataka tu niwe nayo". Kuwa nayo ni haki yako sawa, lakini ukienda mikono mitupu utaulizwa na utarudishwa, bora ujipange.

Sa kwanini mzazi? Kwasababu kwa Uhamiaji kuzaliwa kwako hapa peke yake hakutoshi, wanaangalia pia mzazi wako alikuwa raia wa wapi wakati unazaliwa. Na hapo ndo kijijini tunapata shida, maana bibi na babu zetu hawakuwahi kuwa na cheti, wamezaliwa nyumbani, mwaka wenyewe wanaukumbuka kwa jina la paroko aliyekuwepo. Usihangaike kumtafutia mzee wa miaka 80 cheti kama hana, anaapa kiapo mbele ya hakimu au wakili akieleza kazaliwa wapi na lini na wazazi wake kina nani. Kama wazazi wote wameshatangulia, ndugu mkubwa anayewajua, baba mkubwa au shangazi, ndo anaapa. Mzee aende mwenyewe asaini kwa mkono wake au aweke dole gumba, asisainiwe na mjukuu nyumbani eti kwasababu mguu unamuuma, hiyo ikigundulika imekula kwako.

Wewe mwenyewe kama huna cheti cha kuzaliwa basi hiyo ndo safari yako ya kwanza, anza RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, na kwa wilayani RITA iko ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Beba kila kitu kinachoonyesha umezaliwa na umeishi hapo: kadi ya kliniki kama mama aliitunza, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, na barua ya mtendaji. Cheti cha ubatizo huku kwetu kinasaidia sana kwasababu parokia zinatunza madaftari vizuri kuliko sisi tunavyotunza karatasi, unaweza kwenda ofisi ya parokia uliyobatizwa wakakutolea kingine hata kama cha kwanza kililiwa na mchwa.

Hatua ya 2: majina na tarehe, hapa ndo pa kukaa muda mrefu

Chukua kalamu. Andika jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, chini yake kama lilivyo NIDA, chini yake kama lilivyo cheti cha shule. Herufi kwa herufi, usisome kwa mazoea. Huku kwetu jina moja lina maandishi mengi, padri kaandika Scholastica, mwalimu kaandika Skolastika, NIDA wakasikia Skola wakaandika Skola, na ukoo mmoja Ndunguru kwa mwingine ni Nduguru. Kwako wewe ni mtu mmoja, kwa mfumo ni watu watatu. Na mpangilio pia, kuna wanaoanza na jina la ukoo shuleni alafu NIDA likawa la mwisho.

Tarehe iangalie hivi: namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka alafu mwezi alafu siku. Kama namba yako inaanza na 19870701 maana yake NIDA wanajua umezaliwa 1 Julai 1987. Linganisha na cheti chako sasa hivi kabla hujalipa hata shilingi. Wengi waliojiandikisha bila cheti walikadiriwa tarehe, alafu baadaye wakachukua cheti RITA kwa tarehe ya ubatizo, na hapo hazifanani tena. Kama namba huikumbuki na kadi haijatoka, piga *152*00# ufuate menyu ya NIDA.

Ukikuta tofauti, ya herufi au ya tarehe, usijiambie watanielewa. Tofauti ndogo ya maandishi mara nyingi inamalizwa na kiapo cha wakili kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, jina kubadilika kabisa ni hati ya kubadili jina inayosajiliwa, na kama kosa ni la NIDA nenda ofisi ya NIDA ya wilaya warekebishe huko huko. Mama aliyeolewa anayetaka jina la mume lisomeke kwenye pasipoti aandae na cheti cha ndoa, lakini ushauri wangu, kama vyeti vyote vya shule na NIDA viko kwa jina la baba, acha hivyo hivyo, mume hatakukasirikia kwa hilo na utapunguza karatasi.

Hii hatua inaweza kula wiki kadhaa na ndo maana nawaambia wakulima wa kahawa wasisubiri pesa ya AMCOS, chama chao cha ushirika, iingie ndo waanze. Karatasi zitafute mapema wakati huna hela, hela ikija iende moja kwa moja kwenye ada.

Hatua ya 3: mtandaoni

Hapa ni pafupi. Ingia tovuti ya Uhamiaji, immigration.go.tz, nenda huduma za mtandao, chagua maombi ya pasipoti. Unaweza kwa simu lakini kwa kompyuta ni raha zaidi, na fanya asubuhi mtandao ukiwa mwepesi, jioni kila mtu yuko kwenye bando lake ukurasa unazunguka tu.

Ukianza tu mfumo unakupa namba ya ombi. Iandike kwenye daftari, ipige picha, mtumie na mtoto wotsapu, kwasababu umeme ukikatika katikati ndo namba inayokurudisha ulipoishia. Na imeili iwe YAKO. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwasababu watu wanajaziwa imeili ya mwenye steshenari, alafu miezi ikipita steshenari imefungwa mwenyewe kahamia Njombe, taarifa zinaenda kwake. Kama huna imeili tunakufungulia, nywila unaandika mwenyewe kwenye daftari lako. Namba ya simu nayo iwe laini yako iliyo hewani.

Jaza kama vyeti vinavyosema. Vielelezo viskaniwe vizuri, visiwe picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako na kitambaa cha meza pembeni. Picha ya pasipoti piga studio, mwambie ni ya Uhamiaji, usivae miwani wala kofia.

Hatua ya 4: malipo

Pasipoti ya kawaida ni jumla shilingi 150,000, inagawanyika mara mbili, 20,000 ya fomu na 130,000 ya pasipoti yenyewe. Ukimaliza kujaza unapewa kontroli namba ya ile 20,000, ina tarakimu 12 na inaanzia na 99. Unalipa benki au kwa simu, kwenye menyu ya lipa bili kuna malipo ya serikali, unaweka hiyo namba. Ile 130,000 unakuja kuilipa kwa kontroli namba nyingine ombi lako likishapokelewa.

Mtu akikupa namba ya simu ya kawaida ukatume "ada ya pasipoti", iwe anaitwa wakala, afande au binamu wa afande, hiyo sio ada. Kwa ada ya serikali hamna kutuma kwa jina la mtu. Mimi wa steshenari unanilipa hela ya kuprinti na kujaza, basi, na mwenye steshenari anayekwambia 150,000 mpe yeye mkononi atakulipia, mwombe kontroli namba ulipe mwenyewe uone jina la Uhamiaji likitokea kwenye simu yako kabla hujaweka namba ya siri.

Baada ya malipo fomu inafunguka, iprinti, isome ukurasa kwa ukurasa. Pale pa kusaini na kushuhudiwa usisaini nyumbani, nenda nayo kwa wakili au hakimu wa mahakama ya mwanzo usaini mbele yake. Wenye mahakama ya mwanzo kwenye kata yao wanapona nauli hapo.

Hatua ya 5: siku ya kwenda mkoani

Kwetu ni Songea. Panda gari ya kwanza, fika mapema. Beba ORIJINO zote na fotokopi zake, fotokopi toa nyumbani maana karibu na maofisi bei inajua una shida. Weka kwenye bahasha ya nailoni, msimu wa mvua hatuna utani huku.

Kitu ambacho hakiandikwi popote: vidole. Pasipoti ya sasa ni ya kielektroniki, ilizinduliwa 31 Januari 2018, kwahiyo wanachukua alama za vidole, picha na saini hapo hapo kwenye mashine. Mtu aliyetoka kupalilia au kuchuma kahawa wiki nzima vidole vimelika, mashine inakataa, anafutwa vidole na kitambaa mara tatu na foleni nyuma inanung'unika. Siku kadhaa kabla pumzisha mikono na jembe kama unaweza, usiku paka mafuta, asubuhi ya safari nawa kwa sabuni. Kidonda kwenye kidole kiache kipone kwanza.

Alafu utaulizwa maswali. Umezaliwa kijiji gani, shule ya msingi gani, babu anaitwa nani, mwenyekiti wa kijiji nani. Watu wa mipakani wanaulizwa zaidi, sisi wa huku tuna ndugu ng'ambo ya ziwa Nyasa kule Malawi na ng'ambo ya mto Ruvuma kule Msumbiji, na hamna ubaya kusema. Ubaya ni kuficha, kwasababu kudanganya kwenye ombi la pasipoti ni kosa la jinai na shangazi wa Msumbiji hakuondolei uraia. Jibu kifupi, kwa kweli, usijitetee kabla hujashtakiwa.

Mtoto chini ya miaka 18 anaenda na mzazi, na ridhaa ya wazazi ya maandishi pamoja na vitambulisho vyao.

Wanaohuisha

Pasipoti inadumu miaka 10. Lakini usisubiri iishe, nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele ndo wakuruhusu kuingia au wakupe viza, kwahiyo ikibaki chini ya mwaka anza. Njia ni ile ile, tovuti ile ile na ada ile ile, unaongeza pasipoti ya zamani, nenda nayo yenyewe. Mpya itakuja na namba mpya, kama ulishakata tiketi au kuomba viza kwa namba ya zamani wajulishe.

Kama uliyonayo kabatini ni ile ya kabla ya elektroniki, hiyo ilikoma kutumika 31 Januari 2020, hata kama ndani imeandikwa bado ina miaka. Usiitupe, ni ushahidi mzuri kwamba ulishapewa pasipoti. Iliyopotea anza na polisi upate ripoti ya upotevu, ndo uje tuongee fomu.

Kuchukua

Unafuatilia kwa ile namba ya ombi, ikiwa tayari unaifuata mwenyewe. Ukikabidhiwa fungua pale pale dirishani usome jina, tarehe, jinsia, mahali ulipozaliwa. Kosa ukiliona hapo unalisema hapo, ukishafika stendi imeshakuwa nauli nyingine. Skani ukurasa wa picha ujitumie kwenye imeili yako. Na kwa mabinti wanaoenda Omani na kwingine Uarabuni kufanya kazi za ndani, kuna mawakala wanaosema wakutunzie pasipoti mpaka siku ya ndege: kataa, mpe fotokopi, halisi ikae na wewe au na mama yako.