Jinsi ya kupanga njia za miguu na baiskeli zinazovuka kaunti, mfano Thika Road

Usianze na ramani, anza na watu. Simama stej ya Githurai asubuhi na mapema, hesabu wanaopita kwa miguu na baiskeli kila robo saa, alafu uliza wachache wametoka wapi na wanaenda wapi. Githurai iko mpakani mwa Nairobi na Kiambu, na mtu anayetembea hajui kaunti imeishia wapi, anajua tu pale njia imekatika ghafla akajipata kwa mtaro.

Pili tafuta hayo mapengo, maanake mara nyingi kilomita nzima ya njia nzuri inaharibiwa na mita 30 tu, kadaraja hakuna ama gereji imemwaga magari. Angalia nyasi zilizokanyagwa hadi zikawa mchanga, hapo ndo watu wanapita kweli. Daraja la juu pia lijaribu mwenyewe, sukuma baiskeli yenye kreti mbili za soda hadi juu ndo utaelewa kwa nini wengine wanakimbia katikati ya magari (mi nilifika juu nikakaa chini kwanza).

Upana: mita 2 wazi za kutembea, na kama 3 za baiskeli za pande zote mbili, na uweke vyuma la sivyo ni boda zitapita.

Pesa sasa. Sera ya kaunti ya Nairobi ya 2015 kuhusu wanaotembea na waendesha baiskeli ilisema asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa njia zao na kwa usafiri wa umma, so ukienda mkutano wa bajeti beba hiyo karatasi.