Taima ya ATmega328P inapokwenda kombo

ATmega328P ni chipu ndogo ya kompyuta, na taima ni kihesabio chake cha muda, hapa kikitumika kuwasha na kuzima taa. Pima muda kwanza, usikisie. Kwa kristali (kijenzi cha nje kinachotoa mapigo ya saa) ya MHz 16 na kigawanyo (namba inayogawanya mapigo hayo) 256, weka OCR1A, yaani kikomo cha hesabu, = 62499; taa igeuke kila sekunde 1.

Ikichukua sekunde 16, msimbo wa programu yako hauna kosa. Chipu mpya tupu hutoka kiwandani ikitumia saa yake ya ndani, MHz 8 iliyogawanywa kwa 8. Badilisha fyuzi za saa (mipangilio ya kudumu ndani ya chipu) ili itumie kristali, ila kristali iwe imeshafungwa. Bila hiyo chipu itagoma kuprogramiwa.

Ikichelewa kidogo tu, sekunde 1.05 hivi, umesahau WGM12, biti inayoirudisha taima sifuri ikifika OCR1A: bila hiyo taima inahesabu hadi 65535.

Haigeuki kabisa? Kwenye Arduino andika TCCR1A = 0 kabla ya yote, ili kufuta hali ya taima iliyowekwa na Arduino yenyewe, kisha kagua OCIE1A (biti inayoruhusu katizo la taima) na sei() (amri inayoruhusu makatizo yote).