Dipoli momenti: chora umbo kwanza, mishale baadae

Nnasomesha tuisheni ya kemia hapa Wete, wengi wanaokuja ni wa PCB na PCM (fizikia, kemia na baiolojia au hesabu), na swali la molekuli ipi ina dipoli momenti kubwa linawasumbua kuliko linavostahiki, maana mtu anakimbilia namba za elektronegativiti (nguvu ya atomu kuvutia kwake elektroni za bondi) kabla hajachora chochote. Fanya hivi.

Hatua ya 1. Jua unatafuta nini. Dipoli momenti inaonesha molekuli imegawika kiasi gani upande chanya na upande hasi: ni chaji (q) mara umbali kati ya pande hizo (d) tu, μ = q × d. Jawabu linakuja kwa kulombu mita lakini namba zake ndogo mno, ndo mana kemia tunatumia debye (D), jina la yule Mholanzi Peter Debye alopata Nobeli ya kemia 1936. 1 D = 3.336 × 10⁻³⁰ C m, ihifadhi hiyo.

Hatua ya 2. Chora umbo. Maji yamepinda, digrii 104.5. CO₂ imenyooka. Amonia piramidi. Hapa msiruke jamani, nnawaomba.

Hatua ya 3. Kila bondi ipe mshale, kutoka chanya kwenda hasi, yani kwa yule mwenye elektronegativiti kubwa (H 2.20, C 2.55, N 3.04, Cl 3.16, O 3.44, F 3.98). Sasa mwalimu wa fizikia yeye anauchora kutoka hasi kwenda chanya, kinyume kabisa, na mtoto anarudi skuli kachanganyikiwa anadhani mmoja wetu muongo. Hakuna muongo, ni makubaliano ya kila somo, pepa ya fizikia fata ya fizikia.

Hatua ya 4. Jumlisha mishale kama vekta, yani ukubwa pamoja na muelekeo wake. CO₂ pande mbili zinavutana kamba kwa nguvu sawa, unapata 0, ijapokuwa kila bondi peke yake ina dipoli. Maji hayatoki 0 kwa vile yamepinda: kila O–H chukua 1.51 D, nusu ya pembe ni 52.25°, kwa hiyo 2 × 1.51 × cos 52.25° = 1.85 D. (Hiyo 1.51 yenyewe imepatikana kwa kurudi nyuma kutoka kwenye 1.85 iliyopimwa, kwa hiyo usione ajabu zikilingana.)

Hatua ya 5. Hesabu na ile pea ya elektroni isiyofunga bondi, na hapa ndo maksi zinapopotea. Uliza darasa zima kati ya NH₃ na NF₃ ipi kubwa, wote NF₃, kwa sababu florini ina 3.98. Haya chora zote mbili, naitrojeni juu na ile pea yake juu zaidi. Kwenye NH₃ mishale ya bondi inapanda kwenye naitrojeni na mshale wa pea nao unapanda, vinasaidiana, 1.47 D. Kwenye NF₃ mishale ya bondi inashuka kwenye florini, pea bado inapanda, vinakatana na kinachobaki ni 0.23 D tu. Ukiweza kuielezea hii bila kutazama daftari basi mada umeifahamu.

Hatua ya 6. Asilimia ya uayoni, yani bondi imekaribia kiasi gani ile ya elektroni kuhama yote, haina mambo mengi. HCl urefu wa bondi 127 pm (pikomita), yani 1.27 × 10⁻¹⁰ m. Elektroni ingehama yote ungepata chaji ya elektroni mara urefu, 1.602 × 10⁻¹⁹ × 1.27 × 10⁻¹⁰, ukigawa kwa 3.336 × 10⁻³⁰ ni kama 6.1 D. Iliyopimwa ni 1.08. Gawanya, unapata karibu 18%.

Na msiandike "ina dipoli kwa hiyo itachanganyika na maji". Mafuta ya karafuu haya tunayo hapa hapa Pemba, sehemu kubwa ni yujenoli, ina OH na oksijeni nyengine pembeni kwa hiyo dipoli ipo, lakini tia matone kwenye gilasi ya maji uone yanavozama chini na kukaa kivyake, ule mwili wa kaboni ni mkubwa, OH moja haiuwezi.