Kuongeza viza? Anza na pasipoti

Wadogo zangu mliotoka UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mkaenda kusoma nje, kabla ya kuongeza viza tazameni pasipoti inaisha lini, maana baadhi ya nchi hazikupi kibali kinachoipita. Hizi za kielektroniki zilianza 2018 na hudumu miaka 10, piga hesabu.

Ombi liingie viza ikiwa bado hai. Ujerumani ukiwahi, ofisi ya wageni inaweza kukupa karatasi ya kukaa kihalali ukisubiri, Fiktionsbescheinigung (kulitamka ni mtihani mwingine). Uingereza, usije Dodoma hata msibani kabla ya jibu: ukitoka, ombi huhesabika umeliondoa.

Cheti kikitaka muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, mtumie ndugu nauli mapema aende Mtumba, mji wa Serikali huko Dodoma.