Kuitenganisha Acrux juu ya paa la South C

Mgeni akipanda paani kwetu mwezi Mei, namwonyesha Acrux kwanza: nyota ya mguuni mwa kundi la nyota liitwalo Msalaba wa Kusini. Kwa macho ni moja. Kwa darubini ni mbili. Padri Mfaransa Jean de Fontaney aliligundua hilo mwaka 1685 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na darubini yangu ya mtumba, yenye lenzi ya milimita 70, inalionyesha vilevile.

Usihofu taa za Nairobi. Zinaua galaksi, lakini Acrux inang'aa mno kuzimwa nazo. Adui ni joto. Zege la paa hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, nyota ikawa inachezacheza kama shilingi chini ya maji. Itoe darubini nje nusu saa mapema ipoe, na usitazame juu ya mabati ya jirani anayepika. Katikati ya Mei mimi huanza saa tatu na nusu usiku, Msalaba ukiwa umesimama wima kusini, upande wa mbuga ya wanyama. Hata hapo Acrux hufika digrii 28 hivi tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo angalia tangi la maji lisikuzibe.

Tena usikosee msalaba. Mimi nilikesha siku mbili nikiukodolea ule wa bandia, ulio magharibi zaidi, mkubwa na hafifu, huku nikilaumu lenzi. Wa kweli una nyota mbili kali mashariki yake zinazouelekeza.

Anza na lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia, ya milimita 25. Kwa bomba langu lenye umbali wa fokasi wa milimita 700 inakuza mara 28 (700 gawa kwa 25), na utaona nukta moja tu. Iweke katikati kabisa, ndipo utie ya milimita 10, inayokuza mara 70. Zungusha fokasi polepole hadi nuru ijikusanye, kisha toa mkono. Toa kabisa! Stendi hizi za bei rahisi hutetemeka ukizipumulia. Yangu nimeitundikia dumu la maji la lita tano katikati ya miguu.

Sasa subiri. Mwanzo utaona kitu kama namba nane iliyovimba. Hewa ikitulia, labda kwa sekunde mbili, kiuno cha ile nane kinakatika: nukta mbili nyeupe zenye ubuluu, karibu sawa kwa mwanga, na katikati yake uzi wa giza. Gawa digrii moja vipande 3,600, chukua vinne; ndio upana wa pengo hilo.

Ukishazipata, tafuta ya tatu, hafifu, mbali zaidi ya mara 20 ya pengo lile. Dunia inazunguka, kwa hiyo zote zitatoka pembeni mwa lenzi. Sukuma bomba kidogo, ngoja mtikisiko uishe, tazama tena.