Somo: Kumjenga mngwa, paka mviziaji, kwa ajili ya meza yako ya mchezo

Masimulizi ya pwani ya Tanzania yanamtaja mngwa: paka mwenye kimo cha punda, manyoya ya kijivu yenye michirizi, si simba wala chui. William Hichens, aliyekuwa afisa wa Kiingereza Tanganyika, aliandika mwaka 1937 habari za watu waliouawa usiku, na manyoya ya kijivu kukutwa mkononi mwa marehemu. Yale manyoya yananivutia kuliko meno yote. Mchezaji akiyaokota anaanza kuogopa kabla hajaona kitu, na hapo ndipo mnyama wa kuvizia anapopata uhai. Natumia kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la 5 la mwaka 2014.

Hatua ya 1. Anza na takwimu za chui-milia kwenye kanuni hizo: ulinzi 12 (namba ya kufikia ili kumpiga), uhai 37, kasi futi 40 kwa zamu, ugumu 1 (kiwango cha hatari yake). Usiongeze uhai! Ongeza kujificha tu, yaani namba inayojumlishwa kwenye dadu anapojificha, kutoka +6 hadi +8. Mhusika mwenye umakini tulivu (uwezo wa kugundua bila kutafuta) wa 13 hatamwona ikiwa dadu ya pande 20 imetoa 6 au zaidi.

Hatua ya 2. Tandaza dalili. Hapa usiwe na haraka, kaa nayo hata kikao kizima. Watafiti waliofuatilia tumbili wa Amboseli, Kenya, walionyesha kwamba wana mlio wa chui, mwingine wa tai, mwingine wa nyoka. Wakisikia ule wa chui hukimbilia mitini. Basi wasikilizishe wachezaji mlio huo jioni, halafu ukimya. Kesho yake, mzoga wa mbuzi kwenye panda ya mti. Mwenye ujuzi wa porini mpe nafasi ya kutambua kwamba kucha zilizochana lile gome ni kubwa kuliko za chui.

Hatua ya 3. Shambulio. Akikimbia futi 20 kwa mstari ulionyooka na kucha zikampata mtu, huyo afaulu jaribio la Nguvu la 13 (dadu pamoja na nyongeza yake ya Nguvu zifikie 13), la sivyo anaanguka, na mngwa anang'ata papo hapo kwa tendo la ziada. Mimi naongeza moja: aliyeanguka akang'atwa anakuwa amekamatwa, na mngwa anamburuta kwa kasi kamili kuelekea gizani.

Hatua ya 4. Uhai ukishuka hadi 18, anaondoka. Atarudi usiku mwingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Kundi langu halitembei bila mwenge. Atajifichaje?

Jibu: Mwenge unaangaza vizuri futi 20, kisha mwanga hafifu futi 20 nyingine. Yeye anaona gizani hadi futi 60. Mweke futi 45: yuko nje ya mwanga, na zamu moja inamfikisha.

Swali: Kumburuta mtu si kumwonea mchezaji mgeni?

Jibu: Ni uonevu kama hukutoa dalili. Ukizitoa, mchague aliyejitenga na wenzake, usimchague mwenye uhai mdogo. Na aliyekamatwa anaweza kutumia tendo lake kujinasua kila zamu.

Swali: Kaka, bibi yangu alitusimulia nunda mla watu. Ndiye huyuhuyu?

Jibu: Wapo wanaowaunganisha, dada, lakini mezani ningewatenganisha. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyomo kwenye mkusanyo wa Edward Steere wa Unguja uliochapwa 1870, nunda anaanza kama paka wa sultani. Anakula mifugo, watu wanalalamika, sultani anamkingia kifua, mpaka paka anawala wana wa sultani mwenyewe. Hiyo inafaa kampeni ndefu (mchezo mmoja wa vikao vingi), yenye mtawala anayekataza mnyama wake asiguswe. Kisha mwana mdogo anakwenda kumsaka, anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila akimleta nyumbani mama yake anamwambia siye. Chukua na hilo: wape wachezaji wako chui wawili wa kawaida kwanza, na mama mmoja kijijini wa kuwaambia siye.